Wasomaji Wauliza: Thimlich Ohinga, kwenda na kurudi siku moja

SWALI: Chama chetu cha akina mama 24 kinataka kwenda Thimlich Ohinga, yale maboma ya kale ya mawe kaunti ya Migori, kupitia kijijini, kisha kurudi siku hiyo hiyo. Tupange vipi? Na ni kweli kuta zile hazina saruji?
Katibu wa chama, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Inawezekana, Mama Katibu, mradi mwondoke Kisumu saa kumi na moja alfajiri. Ni kilomita 180 hivi. Pitieni Homa Bay, Rodi Kopany na Ndhiwa. Mwisho wa safari ni barabara ya udongo. Mvua za masika zikinyesha, magurudumu huteleza na gari la chini hukwama, kwa hiyo kodini matatu mbili zilizoinuka, na jazeni mafuta Homa Bay.

Wengi hukimbilia mawe kwanza. Sisi tungeanza kijijini. Kwenye dala la Kiluo, yaani boma la familia, mtaona nyumba ya mke mkubwa ikitazama lango, simba (nyumba ndogo) za wavulana karibu na lango, na zizi la ng'ombe. Mkiwa na picha hiyo kichwani, mkiingia Kochieng, boma kubwa kuliko yote pale, hamtaona rundo la mawe. Mtaona watu walivyoishi, na wapi mifugo ililala. Mwongozaji wa ziara yenu amwarifu mwenye dala siku mbili kabla, mkubaliane malipo na chakula, na ruhusa ya picha iombwe kwa kila mtu.

Kuhusu saruji: haimo hata kidogo, wala udongo wa kushikanisha. Kuta zina unene wa wastani wa mita 1, na kimo cha mita 1.5 hadi 4.5. Uso wa nje na wa ndani umepangwa kwa mawe yanayokabana, katikati pakajazwa mawe madogo. Uzito ndio unaoshikilia. Ndiyo maana hatukubali mtu apande ukutani kupigwa picha: jiwe moja likichomoka, yale madogo humwagika na uso wote hulegea. Mizizi ya miti tayari inafanya uharibifu huo huo.

Malango ni mafupi na membamba, yalijengwa hivyo ili adui aingie akiinama, mmoja mmoja. Mwenye magoti mabaya aende taratibu. Gawanyikeni makundi mawili ya watu 12. Vaeni viatu vilivyofunika vidole, na kila mmoja abebe lita 2 za maji. Saa tisa muwe mmeshaondoka.

SWALI: Nani alizijenga kuta za Thimlich Ohinga?
Mwanafunzi, Nakuru

JIBU: Zinakadiriwa kuwa za karne ya 16. Jamii za Kibantu na za Kinailoti zilipokezana makazi hayo, kila moja ikikarabati kuta ilizozikuta. Jina lenyewe ni la Kidholuo: thimlich ni msitu mnene wa kutisha, ohinga ni boma. UNESCO iliyaorodhesha mwaka 2018 kuwa Urithi wa Dunia.