Dar mpaka Los Angeles ni kilomita ngapi hewani? Mi nimepima nikapata 17,200.

Mkuu, ni kama km 16,200. Ile 17,200 uliyopata wewe siyo kwamba umekosea hesabu, ni kwamba umefuata mstari ulionyooka kwenye ramani ya ukutani, na dunia haijalala kama mkeka bana.

Chukua chungwa, hata la pale Buguruni, weka vidole viwili pande mbili halafu vuta uzi ukaze kabisa, hapo uzi ulipopita ndo njia fupi. Sasa uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, Dar, uko digrii 6.88 kusini na 39.20 mashariki, LAX, uwanja wa Los Angeles, uko 33.94 kaskazini na 118.41 magharibi, ukiingiza kwenye kanuni ya umbali juu ya tufe unapata pembe ya digrii 145.9 hivi, zidisha mara 60 unapata maili za baharini 8,754, kila moja mita 1,852, basi.

Kinachochekesha ni njia yenyewe. Kwenye ramani unaona kama unakata Kongo kisha Atlantiki, kumbe uzi unaondoka Dar kuelekea kaskazini magharibi, Ziwa Victoria, Darfur, Libya, Hispania, unapanda mpaka digrii 56 kule karibu na Labrador, Kanada, ndo unaanza kushuka California! Mi nilirudia mara mbili sikuamini.

Ila hiyo ni ya uzi tu, moja kwa moja hakuna, utaunganisha sehemu kama Doha au Dubai na kilomita zitaongezeka.