Baba ana miaka 58 na anakohoa kila asubuhi: je, amechelewa kuacha sigara?

Ndugu, hajachelewa. Unasema amevuta tangu ujana na sasa ngazi chache tu zinamkata pumzi. Basi kikohozi hicho msikizoee. Moshi huharibu vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu, na vikishaharibika havirudi. Nguvu ya mapafu humpungua kila mtu kadiri umri unavyosonga, ila kwa wavutaji wengi hushuka kwa kasi zaidi. Akiacha leo, kasi hiyo hupungua. Kupunguza idadi ya sigara hakutoshi, aache kabisa.

Mpeleke hospitali akafanyiwe spairometri, kile kipimo cha kupuliza kwa nguvu kwenye mashine, na aulizie vibandiko vya nikotini, vile vya kubandika kwenye ngozi ili kupunguza hamu ya sigara. Tafadhali msimgombeze, uraibu ni mzigo mzito. Akikohoa damu, msisubiri hata siku moja.