Maharusi wanataka nirushe droni kutoka kwenye boti

SWALI: Kaka, habari za kazi? Nina droni moja tu na ndiyo inayoniingizia kipato kwenye harusi. Sasa kuna maharusi wanataka wapigwe picha wakiwa baharini, na mimi niirushe humo humo botini. Wenzangu wananiambia nikiogopa nitabaki nyuma. Nirushe au niache?

JIBU: Mdogo wangu, nzuri. Hao wenzako hawatakuchangia hata senti droni ikizama, kwa hiyo wasikupe presha.

Hofu yangu kubwa ni hiyo boti, maji yanafuata. Droni nyingi zikishapata setelaiti huweka alama pale ziliporukia, na rimoti ikipoteza mawasiliano hurudi kwenye alama hiyo hiyo. Wakati huo boti imeshasogea, tuseme mita 300. Droni itarudi kwa utiifu wote, itashuka taratibu na kutua majini, huku bwana harusi akikuangalia. Ongeza na chuma cha boti, ambacho huweza kuichanganya dira yake.

Mimi ningerushia ufukweni, boti ipite mbele yangu. Atakayetazama video hatajua ulisimama wapi. Anza kwa kwenda kinyume na upepo ili urudi ukisukumwa nao, na betri ikifika asilimia 40 geuza. Usiishushe sana karibu na maji, maana mawimbi na mng'ao huvipotosha vile vihisi vya chini ya droni vinavyoipimia kimo. Ukishapata picha za uhakika, tua, toa memori kadi uitie mfukoni, weka nyingine, ndipo ujaribu mbwembwe zako. Droni hununuliwa, lakini busu la harusi halirudiwi.

Juu ya vichwa vya wageni usipite kabisa. Hasara ya droni ni yako, unaweza kuamua kuibeba. Jicho la mtoto wa watu lililokatwa na propela si lako kuliamulia. Kibali nacho kiwe mkononi mapema.

Wakizidi kung'ang'ania botini, ingia kwenye mipangilio, chagua droni isimame hewani mawasiliano yakikatika, boti iifuate. Halafu wapangie bei yenye fungu la kununulia droni nyingine, usikie kama bado wanaitaka hiyo picha.