Gabriel Knight: gemu la kubofya linalotisha polepole

Mkuu mleta uzi, umeuliza gemu gani la kubofya (unalocheza kwa kubofya vitu na watu kwenye skrini) lenye mambo ya kichawi linatisha bila kukushtua kwa makelele. Jibu langu ni Gabriel Knight: Sins of the Fathers, kazi ya Jane Jensen akiwa kampuni ya magemu ya Sierra, mwaka 1993.

Gabriel ana duka la vitabu New Orleans, Marekani, na anafuatilia mauaji yanayohusishwa na voodoo, dini yenye asili ya Afrika Magharibi, ili apate cha kuandika. Hadithi inakwenda siku 10, na zile za mwanzo huoni mzimu wowote. Unazunguka tu: polisi, makumbusho ya voodoo, mhadhara Chuo Kikuu cha Tulane, kaburi la Marie Laveau, malkia wa voodoo wa mji huo. Unahoji watu, mada baada ya mada. Wengi huchoka hapa wakaliacha, na wanapoteza uhondo wote, kwa sababu hofu ya gemu hili inatokana na kujua. Pale uwanja wa Jackson Square kuna mtu anapiga ngoma. Nilimpita mara nyingi nikidhani ni kionjo cha mtaa, kumbe midundo ile ni ujumbe. Nilipoelewa hivyo, mji mzima ulibadilika machoni pangu, nikaanza kumshuku kila mtu. Michoro ya kaburini nayo ni maandishi ya siri, na utafika wakati uandike ya kwako.

Fumbo la kumtumia mwigizaji bubu kumwondoa polisi kwenye pikipiki yake ni gumu bila sababu. Hapo tafuta msaada, usijitese.

Kinachoniuma ni Benin. Vodun, asili ya voodoo, kule ni dini ya watu hai, yenye sikukuu ya kitaifa kila Januari. Gemu linakupeleka huko, lakini unakuta nyoka na maiti zinazotembea, hakuna mwenyeji hata mmoja wa kuzungumza naye. Mwandishi aliyeichunguza New Orleans kwa kina vile angeweza kuwapa Wabenin sauti.

Lipo toleo jipya la 2014, picha zake ni safi, ila mimi nakushauri lile la zamani la CD, linalokubali kwenye ScummVM, programu ya kuchezea magemu ya zamani kwenye kompyuta za sasa. Tim Curry ndiye sauti ya Gabriel, Mark Hamill ni mpelelezi Mosely, na muziki wa Robert Holmes unastahili hedifoni. Ukifika Benin, sevu kabla ya kuingia mahali penye nyoka na maiti hizo, maana mle unaweza kufa.