Kapime mlango wa kizazi ukiwa mzima

Wanawake wanaopima saratani ya mlango wa kizazi kwetu ni makundi mawili. Wapo waliofuata jambo jingine, sindano ya uzazi wa mpango au kupima uzito wa mtoto, tukawashawishi wakiwa kwenye foleni. Na wapo waliokuja wenyewe kwa sababu wanatokwa damu baada ya tendo la ndoa, au uchafu wenye harufu, au kiuno kinauma na dawa za duka zimeshindwa. Wa kundi la kwanza karibu wote hurudi nyumbani wakicheka. Wa kundi la pili ndio ninaowaandikia rufaa mara kwa mara. Mimi ni muuguzi mkunga wa kituo cha afya, si daktari wa saratani, na haya ndiyo ninayowaambia wadogo zangu na mawifi zangu nikienda likizo.

Kwanza, elewa muda. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi zinaletwa na kirusi kiitwacho HPV. Kinaambukizwa kwa kujamiiana, wengi wetu tunakipata, na mara nyingi mwili unakiondoa wenyewe. Kwa wachache kinabaki, seli zinaanza kubadilika taratibu, na kwa mwanamke mwenye kinga nzuri huchukua miaka 15 hadi 20 kufika kuwa saratani. Miaka yote hiyo huumwi popote. Unalima, unauza genge lako, unazaa. Kwa mwenye VVU ambaye hajaanza dawa muda huo unaweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu, na hatari ya kupata saratani hii kwa wenye VVU ni kama mara 6 ya wengine. Kwa hiyo ukiwa unahudhuria CTC, kliniki ya wenye VVU, na muuguzi anakukumbusha kipimo kila mara, usimwone msumbufu.

Ndani ya miaka hiyo ya ukimya ndipo kituo cha jirani kinaweza kukusaidia. Ugonjwa ukishakomaa, habari inakuwa ya mionzi, kwenye hospitali kubwa kama Ocean Road ya Dar es Salaam au Bugando ya Mwanza, na hapo unatafuta nauli, pa kufikia, na ndugu wa kukaa na watoto. Nimewaona watu wakiuza shamba kwa jambo ambalo lingemalizwa asubuhi moja kwenye chumba chetu cha pembeni.

Chumba chenyewe hakitishi. Kuna kitanda, taa na meza ya vifaa. Unavua nguo ya ndani, unajifunika khanga yako, unalala chali umekunja magoti. Kifaa cha kufungulia njia kinaingizwa taratibu, utahisi ubaridi na kubanwa kidogo. Ukilegeza mapaja na kuvuta pumzi kinapita vizuri. Kisha tunapaka siki kwa pamba. Ndiyo, siki, asidi ileile ya siki ya kwenye kachumbari, yenye nguvu ya asilimia 3 hadi 5. (Kuna mama aliniuliza kama nimeleta na nyanya.) Tunasubiri dakika moja hivi, tunamulika. Mlango mzima unabaki na rangi yake ya waridi. Penye seli zilizobadilika panatoka bakabaka jeupe, linaonekana kwa macho. Majibu unapewa ukiwa bado unafunga khanga. Hakuna kinachokatwa, wala hakuna anayetoa kizazi chako, maana huo uvumi nao umezunguka sana vijijini.

Weupe si kansa. Wapo wanaosikia "kuna mabadiliko" wakaanza kugawa vyombo. Mabadiliko ya awali yanatibiwa palepale kwa tiba mgando, yaani kuyagandisha kwa gesi yenye baridi kali, au kwa kifaa kidogo cha joto kinachoyaunguza. Ni dakika chache, unaumwa tumbo kama la hedhi, unaenda nyumbani kwa miguu yako. Yakiwa makubwa au yanatia shaka ndipo unapelekwa juu kwa uchunguzi zaidi.

Sasa, ushauri ambao sijausikia ukitolewa redioni. Kabla hujapanda kitandani uliza: "Mkinikuta na mabadiliko, tiba mnayo leo?" Kuna vituo vina siki na taa, lakini mtungi wa gesi umeisha tangu mwezi uliopita. Hapo mama anapewa karatasi aende hospitali ya wilaya, anaiweka kwenye pochi, msimu wa kupanda unaingia, basi. Nimekutana na karatasi za namna hiyo zimekunjwa mpaka maandishi yamefutika. Kama tiba haipo na una uhuru wa kuchagua, nenda moja kwa moja kituo ambacho vyote viwili vipo. Kama huna uhuru huo, pima hapohapo, ila usiondoke bila kujua siku, mahali na jina la idara unakoenda.

Pia acha namba ya simu ya mtu wa pili. Laini zetu zinapotea, simu zinaibwa, na mwaka mmoja baada ya tiba tunatakiwa tukuangalie tena. Namba ya dada au ya jirani inatosha, na tukimpigia hatumwambii ugonjwa, tunasema tu uje kliniki.

Halafu kuna suala la baba watoto, ambalo naona ndilo linaloharibu tiba nyingi kuliko ukosefu wa gesi. Baada ya tiba mgando utatokwa majimaji kwa wiki kadhaa, na unatakiwa upumzike tendo la ndoa kwa wiki kama 4, au kondomu itumike. Mwanamke aliyekuja kwa siri atajielezaje mwezi mzima? Mwambie kabla. Ukiona mambo ni magumu, njoo naye, tumwelekeze sisi. Na shemeji anayesoma hapa: kirusi hiki kinaweza kukaa kimya mwilini miaka mingi, kwa hiyo majibu ya mkeo si ushahidi kwamba ametoka nje. Nimeona ndoa ikiyumba kwa dhana hiyo.

Siku ya kuja, usiwe kwenye hedhi, na usiku wa kuamkia pumzikeni tendo la ndoa. Usijisafishe ndani kwa sabuni, maji ya ndimu wala ile mitishamba ya kubana. Mjamzito asubiri, ajifungue, zipite wiki 6. Kwa wasio na VVU tunasisitiza kuanzia miaka 30. Mwenye VVU aanze mapema, kwenye 25. Kama huna VVU na siki ikaonyesha uko salama, rudi baada ya miaka 3. Kama kijijini kwenu kuna zahanati tu isiyo na huduma hii, muulize mganga mfawidhi lini timu ya huduma ya mkoba inapita, na mjipange wengi. Wakiona mmejaa watarudi.

Mabinti. Tanzania ilianza kuwachanja dhidi ya HPV nchi nzima mwaka 2018, wa miaka 14, dozi mbili. Tangu Aprili 2024 ni dozi moja, kwa wa miaka 9 hadi 14. Wazazi wakaja juu: mbona mmepunguza, zimeisha? Hazijaisha. Utafiti uliofanywa Mwanza kwa wasichana wa umri huohuo, na mwingine Kenya kwa wanawake vijana, ulionyesha dozi moja inakinga vizuri, na Shirika la Afya Duniani likakubali mwaka 2022. Binti mwenye VVU huhitaji zaidi ya moja, kwa hiyo ongea na kliniki anakochukulia dawa. Kuhusu uvumi kwamba chanjo hii inafunga uzazi, nawakumbusha kina mama kwamba watoto wao walishachomwa pajani wakiwa na wiki 6 sindano yenye kinga dhidi ya homa ya ini B, ambayo nayo ni chanzo cha saratani, ile ya ini. Hakuna aliyegoma siku hiyo. Wangu kachanjwa shuleni pamoja na wenzake. Akikua naye atapima, maana chanjo haikingi aina zote za kirusi.

Mwisho nawageukia mama zetu waliokoma hedhi, kwa sababu wanaletwa na binti zao wakidhani siki itawafaa. Baada ya umri huo sehemu tunayotakiwa kuiona hujirudisha ndani, na siki inaweza kutudanganya kwamba kila kitu kiko sawa. Wao wanahitaji kipimo cha kirusi chenyewe au cha seli, hospitalini. Na bibi akiona damu, hata tone, baada ya kukaa mwaka mzima bila hedhi, asiambiwe "ujana umerudi". Mpelekeni hospitali wiki hiyohiyo, na mwambieni daktari waziwazi kwamba ni damu baada ya kukoma hedhi, hata kama yeye mwenyewe anaona haya na anataka kusema ni tumbo tu.