Shangazi, nimtaje ninayemshuku?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni binti wa Sahare hapa Tanga. Baba yetu alikuwa mvuvi wa dagaa, mwaka 2011 usiku wa giza alitoka na wenzake watatu hakurudi, kesho yake akaokotwa ufukweni ana jeraha kisogoni, wenzake wakasema kateleza kadondoka, polisi wakafungua jalada likaishia hapohapo. Mi nilikuwa bado nasoma na mama hakuwa na nguvu. Sasa huu mwaka wa nne nafuatilia mwenyewe, nina madaftari matatu, wavuvi wazee nimewarekodi kwenye simu na usiku nakaa mpaka saa 9 nasikiliza sauti zao. Namshuku mmoja wa wale watatu, baba alikuwa anamdai hela ya nyavu, na mwezi uliopita nimeiona karabai ya baba imening'inia stoo kwake, ina waya mwekundu kwenye mpini ambao baba aliuzungushia mwenyewe. Nimesoma kitabu cha yule mama wa Marekani aliyemsaka muuaji usiku na mchana, nami nataka kuandika cha kwangu. Nimtaje? Na ile karabai niichukue? Kaka zangu wanasema niache, marehemu apumzike.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara nne, hapo kwenye waya mwekundu nikasimama kila mara.

Nianze na hicho kitabu maana wengine hawajakisoma. Ni cha Michelle McNamara, kinaitwa I'll Be Gone in the Dark, kilitoka Februari 2018. Hakuwa polisi, alikuwa mwandishi tu. Akiwa na miaka 14 dada mmoja wa mtaani kwao, Oak Park kule Illinois, aliuawa, na yule mtoto akaenda mpaka kwenye kichochoro chenyewe akaokota vipande vya kiredio cha kaseti cha marehemu, na toka siku hiyo hayo mambo hayakumtoka. Ukubwani akamfuatilia mtu aliyeua watu 13 na kubaka wanawake wasiopungua 50 California miaka ya 70 na 80, mtoto wake akishalala yeye anafungua kompyuta.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Alifariki usingizini Aprili 2016, ana miaka 46, kitabu hakijaisha, wenzake ndo wakakimalizia, na jina la muuaji hakuwahi kulijua. Halimo humo ndani. Kitabu kiko madukani karibu miezi miwili ndo polisi wakamkamata Joseph DeAngelo, Aprili 24, 2018, mzee wa miaka 72 ambaye mwenyewe aliwahi kuwa polisi. Walichukua vinasaba vilivyotunzwa toka mauaji ya 1980 pale Ventura, wakaviingiza kwenye tovuti ambayo watu hutafutia ndugu zao, wakapata ndugu wa mbali kabisa, wakachora ukoo kizazi kwa kizazi mpaka wakamfikia, halafu wakahakikisha kwa vinasaba vya kwenye mlango wa gari lake na tishu ya kwenye pipa lake la taka. Mwaka 2020 akakiri mwenyewe mahakamani, akafungwa maisha. Wale wanaume wote walioshukiwa miaka 40 kwa sababu ya sura, au tabia, au walikaa jirani, hawakuwa wao.

Kwa hiyo mwanangu kitabu chako hakingoji jina. Andika baba alivyokuwa anaipampu karabai magharibi, andika mama alivyokaa kizingitini ile alfajiri, andika hao wazee, nani alikukaribisha chai na nani alianza kukohoa ulipotaja mwaka 2011. Andika na wewe unavyokosa usingizi, usijifiche. Hayo ni yako na hakuna wa kukushtaki kwayo.

Jina usiliandike, na usilibadilishe herufi moja ukadhani umelificha, Sahare wote watajua ni nani. Katiba yetu ibara ya 13(6)(b) inasema hata aliyeshtakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike, sembuse huyu ambaye hajashtakiwa. Anaweza kukufungulia kesi ya kashfa, na ukiyaweka mtandaoni ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, anayesambaza taarifa ya uongo kwa makusudi faini yake haipungui milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Najua wewe husemi uongo. Ila kushuku sio kujua, na yule bwana ana watoto wanaopita njia hiyohiyo kwenda shule.

Jina lipeleke linakotakiwa. Kesi ya mauaji haiozi, miaka mingapi hata ipite. Nenda kituoni na namba ya RB kama mama anayo, omba jalada litafutwe, na barua uandike kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, nakala Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, ubaki na nakala yako iliyogongwa muhuri. Kabla ya hapo pitia madaftari yako usiku mmoja na kalamu nyekundu, kila mstari uandike pembeni: huyu aliona kwa macho, huyu aliambiwa. Sheria ya Ushahidi inamtaka aliyeona aje aseme mwenyewe alichoona, ya "nilisikia kwa fulani" mahakamani hayafiki mbali, na we mwenyewe utashangaa daftari linavyopungua. Rekodi za simu usizikatekate, zitunze nzima na tarehe zake, na nakala umpe mtu unayemwamini.

Karabai usiiguse, nakuomba sana. Ukiichukua umeiba, na mahakamani atauliza nani anajua haikutoka kwako. Halafu fikiria na upande wa pili: pengine baba alimwazima, pengine mama mwenyewe aliiuza kipindi cha dhiki akaona aibu kuwaambia. McNamara aliona mtandaoni vifungo vya mikono ya shati vinavyofanana na vilivyoibwa na yule muuaji mwaka 1977, akalipa dola 8 na nyingine 40 ili vifike haraka, alikuwa na hakika ileile uliyonayo wewe. Havikumfikisha mlangoni kwa muuaji. Nenda kwa mama leo, usimwambie umeona nini, muulize tu ile karabai ya baba ilikuwaje na ilienda wapi. Aieleze yeye mwanzo mpaka mwisho, we andika. Akiutaja waya bila kuulizwa, na rangi yake, hilo ndo la kupeleka kituoni.

Kaka zako usigombane nao, nao wana baba aliyefariki. Na hiyo saa 9 iache, sikiliza hizo sauti mchana, mama akiwa karibu.

SWALI: Shangazi, mtaani kwetu Pongwe pikipiki zinaibwa kila wiki, vijana tuna grupu la WhatsApp tunapeleleza wenyewe, tumeshamjua mmoja tunataka tusambaze picha yake. Kuna ubaya gani?

JIBU: Upo mkubwa kijana wangu. Aprili 2013 mabomu yalilipuka kwenye mbio za Boston kule Marekani, watu mtandaoni wakakuza picha wakazungushia duara, wakamtaja mwanafunzi mmoja aliyekuwa anatafutwa na familia yake. Familia ikatukanwa usiku kucha. Yule kijana hakuhusika kabisa, na siku chache baadaye maiti yake ikakutwa mtoni, alikuwa amekufa kabla hata ya mabomu.

Na hapa kwetu mambo hayaishii kwenye matusi, unajua wananchi wenye hasira kali wanavyofanya. Mi nilikuwa na miaka 9 Makorora cherehani ya mama ilipopotea, mganga mmoja akapiga ramli akasema ni mtu anayepita na moto, basi mtaa mzima wakamgeukia muuza kahawa maana anatembea na jiko. Walimvunjia vikombe kimoja kimoja mbele yake. Wiki mbili baadaye mjomba akakiri aliiweka cherehani rehani Ngamiani. Mama alimtafuta yule kaka mpaka Muheza amwombe radhi, hakumpata.

Picha mliyonayo pelekeni kituoni, ninyi wawili au watatu, na mwenyekiti wa mtaa awe nanyi. Kwenye grupu ifuteni leo.