Maswali na Majibu: Programu za bure na mambo madogo ya intaneti

Safu hii hujibu maswali ya wasomaji kuhusu kompyuta, simu na intaneti. Safari hii tumechagua maswali ambayo dawa yake haihitaji hela: ama ipo programu ya bure, ama dawa yenyewe tayari imo ndani ya mashine yako.

Swali: Nilipakua programu ya bure ya kuchezea video. Tangu hapo, kila baada ya dakika chache kwenye kona ya skrini inaibuka taarifa kwamba kompyuta yangu ina virusi na nibofye ili isafishwe. Nimeweka antivirusi mbili, zote zinasema mashine ni safi. Nani mwongo?

Jibu: Antivirusi zinasema kweli. Taarifa za namna hiyo, hasa zikiwa na anwani ya tovuti usiyoijua kwa herufi ndogo, kwa kawaida si virusi. Ni arifa za kivinjari. Kuna tovuti ulipita, pengine ukiitafuta hiyo programu, ikakuambia ubofye "Ruhusu" kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Ukaruhusu. Tangu siku hiyo ina kibali cha kukurushia matangazo hata ukiwa umeshaifunga, na antivirusi haioni kitu kwa sababu hakuna faili lililoingia.

Iondolee kibali. Kwenye Chrome andika chrome://settings/content/notifications mahali pa anwani, kisha bonyeza Enter. Itatokea orodha ya tovuti zilizoruhusiwa kutuma arifa. Kila usiyoitambua, bofya vidoti vitatu vilivyo kando yake na uchague kuizuia. Ukiiondoa tu, siku nyingine itaomba tena. Kwenye Firefox, fungua mipangilio, ingia sehemu ya faragha na usalama, shuka hadi kwenye ruhusa, halafu arifa. Ukiwa hapo hapo, pitia pia viendelezi vya kivinjari (programu ndogo za nyongeza) na ufute usivyokumbuka kuviweka. Kisha fungua orodha ya programu za Windows, uipange kwa tarehe, utazame nini kiliingia siku ile ile ulipopakua.

Kuhusu antivirusi mbili: ondoa moja, tena hata zote mbili. Mbili zikifanya kazi pamoja hukaguana na kuifanya mashine iwe nzito, na Windows inayo ya kwake, Defender, ambayo huamka yenyewe ukishaondoa ya nje.

Sasa chanzo cha tatizo. Programu ya bure inayojulikana sana, kama VLC, ina makao yake: videolan.org. Ilianza kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris huko Ufaransa, ni programu huria tangu 2001, na haina matangazo. Kwa kuwa msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anaweza kuifungasha upya pamoja na takataka zake na kulipia ili atokee juu kabisa kwenye matokeo ya utafutaji. Matokeo yaliyoandikwa kwamba yamelipiwa, yaruke. Kwenye Windows 11, na Windows 10 zilizosasishwa, unaweza kuepuka utafutaji wote: fungua dirisha la amri (cmd), andika winget install -e --id VideoLAN.VLC, bonyeza Enter. Itashuka kutoka kwa wenyewe.

Ukilazimika kupakua mahali usipopaamini, lipeleke faili kwenye tovuti ya VirusTotal kabla ya kulifungua. Hupokea faili la hadi MB 650 na kulipitisha kwenye antivirusi nyingi kwa mpigo. Ila usipeleke huko barua za mkataba wala nakala ya kitambulisho, kwa maana mafaili yanayopakiwa hugawiwa kwa kampuni za usalama.

Swali: Nimefuta kwa bahati mbaya folda nzima ya picha na video kwenye memori kadi ya kamera. Kuna programu ya bure ya kuzirudisha?

Jibu: Ipo, na ni nzuri: PhotoRec, inayotolewa pamoja na TestDisk kwenye cgsecurity.org. Lakini kabla ya programu, toa kadi kwenye kamera sasa hivi. Usipige picha nyingine hata moja. Kamera inapofuta picha haifuti picha yenyewe. Inafuta jina lake kwenye orodha na kuandika kwamba nafasi ile iko wazi. Picha inabaki pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo picha moja mpya inaweza kuua mbili za zamani. Na ukichomeka kadi kwenye kompyuta ikakwambia inataka kuformatiwa, kataa.

Tumia kisoma kadi, si kebo ya kamera, kwa sababu kamera nyingi zikiunganishwa kwa kebo huonyesha orodha ya picha tu, haziifungui kadi yenyewe. Pakua faili la zip, lifungue kwenye diski ya kompyuta (kamwe si kwenye kadi), kisha anzisha qphotorec_win kwa haki za msimamizi. Juu utaona orodha ya diski. Hapa ndipo watu hukosea: zinaonyeshwa kwa majina ya kiwandani, hivyo itambue kadi yako kwa ukubwa wake. Kadi ya GB 32 itaonekana pungufu kidogo ya hapo. Chagua kizigeu chake (sehemu ya kadi yenye mafaili), acha aina ya mfumo wa faili kwenye FAT/NTFS, halafu chagua "Free" ikiwa ulifuta tu, au "Whole" ikiwa kadi imeharibika na haifunguki.

Kabla ya kubofya "Search", fungua "File Formats", bonyeza "Reset" kuondoa alama zote, kisha weka alama kwenye jpg na mov. Usishangae kutoiona mp4. Imo ndani ya mov. Usipofanya hivyo programu itakuletea kila aina ya faili inayoijua, nawe utashinda ukichambua. Kama kamera yako hupiga picha ghafi (RAW), ongeza na aina hiyo. Mwisho onyesha folda ya kuhifadhia, nayo iwe kwenye kompyuta.

Matokeo hukaa kwenye folda zinazoitwa recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, na majina ya asili yamepotea: utaona f0012345.jpg na kadhalika. PhotoRec haitafuti majina, inatafuta alama za mwanzo za kila aina ya faili, ndiyo maana hufaulu hata orodha ikiwa imeharibika. Mafaili yanayoanza na herufi t ni vijipicha vidogo, yafute. Tarehe ya kupigwa picha imeandikwa ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo zipange kwa tarehe hiyo, si tarehe ya faili. Video ndizo huponea chupuchupu: ndefu mara nyingi huwa zimetawanywa vipande kwenye kadi, na PhotoRec hudhani vipande vimefuatana. Nusu inacheza, nusu inakwama.

Kwa watakaouliza kuhusu simu: haya yote hayafai kwa hifadhi ya ndani ya simu, kwa sababu imesimbwa (imefungwa kwa siri) na nafasi iliyofutwa husafishwa mapema. Huko tegemeo ni pipa la taka. Google Photos hushika kilichofutwa kwa siku 60 ikiwa kilikuwa na nakala mtandaoni. iPhone hushika kwa siku 30 hivi.

Swali: Naandika barua kwenye LibreOffice. Ninayemtumia ana Microsoft Word, na kila mara ananiambia jedwali limehama na kurasa zimeongezeka. Nirudi kwenye Word?

Jibu: Kwanza uliza: huyo mtu anaihariri barua, au anaisoma na kuichapa tu? Kama anaisoma tu, mtumie PDF, na hadithi imeisha. LibreOffice inayo njia nzuri zaidi ya hiyo ambayo wachache huijua: unapotoa PDF, weka alama kwenye "Hybrid PDF". Itatoka PDF ya kawaida kwa kila mtu, lakini ukiifungua wewe kwenye LibreOffice inaharirika kama waraka.

Kama anaihariri, mshukiwa wa kwanza ni fonti, yaani mtindo wa herufi. Waraka ukiwa na fonti ambayo mwenzako hana, Word huweka nyingine yenye upana tofauti. Mistari inarefuka, aya zinasukumana, jedwali linavuka ukurasa. LibreOffice huja na Carlito na Caladea, zilizotengenezwa ziwe na vipimo sawa na Calibri na Cambria, na Liberation Serif na Sans zinazolingana na Times New Roman na Arial. Katika waraka chagua jina la upande wa Word katika jozi hizo, kama Calibri au Arial, na mengi yatatulia. La pili: hifadhi kama docx, aina ya faili la Word. Nenda "Tools", "Options", "Load/Save", "General", ubadilishe aina ya kuhifadhia huko ili isiwe kazi ya kukumbuka kila siku. La tatu: acha kupanga maandishi kwa kugonga spesi mara kumi. Tumia tabu au jedwali. Hili si kosa la LibreOffice.

Swali: Mtandao wangu hukatika. Faili la GB 3 likifika katikati linakufa, naanza upya, data inakwisha. Nimeshauriwa ninunue programu ya kupakulia.

Jibu: Usinunue. Kwanza bonyeza Ctrl+J kwenye Chrome au Firefox. Penye faili lililokatika mara nyingi pana kitufe cha kuendelea, na watu wengi hawakioni. Kikigoma, Windows 10 tangu toleo la 1803 ina curl ndani yake, programu ya kupakua mafaili kwa amri. Bonyeza Windows+R, andika cmd, kisha:

cd Downloads
curl -L -C - -O "anwani ya faili"

Kistari kilicho peke yake baada ya -C ndicho kinachoiambia curl itazame kilichokwisha shuka na kuendelea hapo. Mtandao ukikatika, bonyeza mshale wa juu kurudisha amri ile ile, kisha Enter. Iandike kwenye cmd; kwenye PowerShell ya zamani (dirisha jingine la amri la Windows) neno curl huita kitu kingine kabisa, hivyo huko andika curl.exe.

Inashindwa lini? Seva ikiwa haikubali kutoa faili kuanzia katikati, curl itakulalamikia kuhusu "byte ranges", na hapo hakuna programu ya kununua itakayosaidia. Anwani ikiwa ya muda, itaisha. Chukua mpya kwenye ukurasa ule ule. Na ukipata faili la KB chache badala ya GB 3, lifungue kwa Notepad: utakuta ni ukurasa wa kukutaka uingie kwa akaunti. Faili likikamilika, andika certutil -hashfile jina-la-faili SHA256 na ulinganishe tarakimu na zile zilizo kwenye tovuti, kama wamezitoa. Faili lililoungwaungwa linastahili kukaguliwa.

Swali: Nina nywila moja kwa kila kitu. Najua ni vibaya. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye barua pepe, maana ndiyo inayofungua zote nyingine kwa "nimesahau nywila". Ipe nywila yake ya pekee leo, uwashe na uthibitisho wa hatua mbili. Kisha chagua kitunza nywila. Ukitaka kitu kinachojisawazisha chenyewe kati ya simu na kompyuta, Bitwarden ya bure inatosha. Usipotaka nywila zako zikae kwenye seva ya mtu, tumia KeePassXC, ambayo huziweka kwenye faili moja lililosimbwa la kdbx. Kwenye Android hulifungua kwa KeePassDX. Kulihamisha na kulinakili ni juu yako.

Kwa zote mbili, nywila kuu ukiisahau hakuna wa kukurudishia. Iwe maneno sita yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu (KeePassXC inaweza kukuchagulia), uiandike kwenye karatasi na uifungie mahali. Ukihamisha nywila kutoka kwenye kivinjari, zitatoka katika faili la CSV ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma: lifute mara tu baada ya kuliingiza, hata kwenye pipa la taka.

Swali: Nimepakua Wikipedia kwa ajili ya Kiwix niisome bila intaneti. Faili lina zaidi ya GB 10, memori kadi ina GB 32 tupu, lakini kunakili kunakataa kwa kusema faili ni kubwa mno.

Jibu: Kadi yako imeformatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, ambao haukubali faili moja kuzidi GB 4 hata nafasi ikiwa tele. Hamisha vyote vilivyomo kwenye kompyuta, bofya kadi kwa kitufe cha kulia, chagua kuformati, weka exFAT, kisha rudisha. Hakikisha kwanza kwamba simu yako inasoma exFAT. Baadhi ya za zamani hazisomi.

Au pakua toleo dogo. Kwenye majina ya mafaili, "maxi" ni makala kamili na picha, "nopic" ni makala bila picha, "mini" ni utangulizi wa kila makala tu. Wikipedia ya Kiswahili yenyewe iko chini sana ya GB 4, hivyo hiyo itaingia bila kugusa kadi. Na kama baada ya haya yote Kiwix ya Play Store haitaliona faili, tatizo ni ruhusa za kusoma hifadhi ambazo toleo hilo limenyimwa. Chukua APK (faili la kusakinisha programu ya Android) kwenye tovuti ya Kiwix.